Nusu Mwezi Ndani ya Injini

Tak Sunbok hakuwa na shimo la kuingilia chini ya gari, wala jeki ya umeme, wala mlango wa kufunga karakana yake. Hakuwa na ncha ya kidole cha shahada, iliyoliwa na mkanda wa feni enzi za ujana. Hakuwa na mke, kwa kuwa alikwisha kumzika kwenye mteremko unaotazama mto. Hakuwa na mjukuu. Hakuwa na simu, maana aliona haya kusema na mtu asiyemwona macho. Na zaidi ya hayo yote, hakuwa na ndoto.

Hili la mwisho ndilo lililomtenga na sisi wengine. Katika mji wetu, juu kwenye milima ya Gangwon, ndoto ilikuwa mali kama mali nyingine. Aliyeota nguruwe ameingia uani alijua riziki iko njiani. Aliyeota samaki amemrukia mapajani, au tunda limemdondokea kwenye pindo la sketi, alijua mtoto anakuja, kama si tumboni mwake basi kwa binti yake, au mkwe wake, au mdogo wake. Na mwenye ndoto asiyeihitaji aliweza kumuuzia mwenzake, kwa mtungi wa maharage yaliyochachuka au kitambaa cha hariri, na mnunuzi akawa ndiye aliyeiota, kana kwamba yeye ndiye aliyelalia ule mto.

Tak alilala kama gogo. Akiweka kichwa chini ni giza, akikiinua ni asubuhi. Alipoulizwa umeota nini alijibu kwamba amelala, na watu walimhurumia kama wanavyomhurumia mtu asiyesikia muziki.

Kwa hiyo alipotamani mjukuu, ilimbidi anunue. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Yonhwa, aliyeolewa mbali kusini, Busan, ambako yeye na mumewe walishona viatu kiwandani. Miaka ikapita bila mtoto. Jirani yake Tak, Mama Oksun, aliota samaki mwekundu mkubwa akiogelea ndani ya beseni lake la kufulia, na kwa kuwa wanawe yeye walikwisha kuzaa mpaka wakachoka, Tak alimtengenezea pampu ya kisima na ndoto ikawa yake. Akapanda treni akaenda nayo Busan. Akaisimulia mezani, mbele ya wakwe, mama mkwe akaweka kijiko chini akalia kwa furaha.

Mtoto hakuja. Samaki yule alibaki palepale mezani kila walipokaa kula, na kila mwezi mama mkwe alimtazama Yonhwa tumboni. Safari iliyofuata Tak alipokwenda, binti yake alimsindikiza stesheni bila kusema neno njia nzima. Treni ilipokaribia ndipo alipomwambia kwamba nyumbani kwa mumewe anaangaliwa kama kuku aliyekawia kutaga. Halafu akasema, kwa upole kabisa, “Baba, usiniletee ndoto tena. Za mtu yeyote.” Tangu siku hiyo hakuja mlimani. Mwaka mpya ulipofika alituma kadi yenye picha ya korongo na jina lake chini, basi.

Na bado mji mzima ulimwita Tak “Baba Yonhwa”, kwa kuwa ndivyo tunavyoitana. Jina la binti lilipita masikioni mwake mara nyingi kwa siku, kama mtu anayepita mbele ya mlango asiingie.

Ilikuwa vuli, mwaka ule barabara ya mlimani ilipowekwa lami. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye madirisha, na ulipoinuka ulikuta miti imebadilika rangi bila kumuaga mtu. Makaki, yale matunda ya rangi ya chungwa, yalikwisha kuiva. Kila nyumba ilikuwa ikiyamenya na kuyaning'iniza kwa uzi chini ya paa yakauke, na jua lilipoyapiga yaling'aa kama taa zilizosahauliwa mchana.

Siku hizo ndipo Dereva Noh alipoleta teksi yake. Noh Byongdu alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na teksi yake ilikuwa ndiyo ya pekee mjini kwetu. Ilikuwa na tabia moja: ikiteremka mlima kimya, kisha ikikanyagwa mafuta kule chini, ilitoa nyuma yake wingu la bluu, na abiria waliogeuka kulitazama walisema wameona roho ya gari ikitoka. Tak aliisikiliza, akalinusa lile bomba la moshi, akasema ni vijimpira vya valvu vimezeeka na oili inavuja kuingia kwenye silinda. Kazi ya siku moja.

“Fungua chochote unachotaka, kaka,” Noh alimwambia akiondoka. “Ila samaki usimguse. Mke wangu atanitoa roho.”

Samaki alikuwa chini ya boneti. Alikuwa mkavu, mgumu kama ubao, amefungwa kwa uzi mweupe mrefu, akining'inia juu ya injini macho wazi ili alinde njia. Kila gari la mji wetu lilikuwa na samaki wa namna hiyo, aliyewekwa siku gari lilipobarikiwa kwa pombe ya mchele na keki ya maharage mekundu. Fundi wa mahali pengine angemwondoa akaendelea na kazi. Kwetu hakuna anayemshusha samaki wa gari la mtu. Tak akajifunza kufanya kazi kichwa kikiwa upande, kama mtu anayepita chini ya nguo zilizoanikwa.

Alifungua kava. Alitoa plagi, akaingiza kamba kwenye silinda na kuizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikaikandamiza kamba juu, ili valvu zisidondoke ndani. Aliziba kwa vitambaa yale mashimo ambayo oili hupitia kurudi chini. Haya yote aliyafanya kila mara na hakuwahi kuyasahau. Kisha akaanza kukandamiza springi moja moja, na kila springi ilipolala alivichukua vile vifungo viwili vinavyoishika valvu shingoni. Kila kimoja ni kipande cha chuma kilichopinda, kidogo kama ukucha wa mtoto. Viwili vikikutana hufanya duara. Kimoja peke yake ni nusu mwezi.

Upepo ulitoka mtoni. Haukuwa mkali, ulitosha tu kutikisa makaki. Samaki akageuka taratibu kwenye uzi wake kama aliyeitwa, mkia ukamgusa Tak kwenye kifundo cha mkono, na nusu mwezi ikaruka kutoka vidoleni mwake.

Akasimama kimya akisikiliza. Chuma kikianguka juu ya jiwe hulia. Kikianguka juu ya chuma hulia pia, kwa sauti nyingine. Hiki hakikulia. Alipoinama aliona kwamba ncha ya ule uzi mweupe ilikuwa imenasa kwenye kitambaa kimoja, na samaki alipogeuka alikichomoa. Shimo lilikuwa wazi, jeusi, likimtazama.

Akafunga sumaku kwenye waya akaishusha shimoni. Ikarudi na oili tu. Akafagia sakafu, akapepeta vumbi, akakung'uta mapindo ya suruali, akavua viatu akavipiga ukutani. Akaokota nati iliyopotea zamani na kifungo cha sare ya shule, cha bluu, ambacho alijua ni cha nani. Nusu mwezi haikuwepo. Basi akatafuta mwenzake kwenye kopo la vipande vya zamani, akakifunga mahali pake, akamaliza valvu zilizobaki na kurudisha kava. Injini ilikuwa kamili. Mtu yeyote angeitazama angesema imepona.

Ilibaki kuiwasha, naye hakuiwasha. Alikaa kwenye kiti cha basi kuukuu kilichokuwa kimeegemezwa ukutani mwa karakana, mahali ambapo jua la mchana lilikuwa likiingia, akasema moyoni kwamba atafikiri kidogo. Jua lilikuwa na uzito kama blanketi.

Alikuwa ndani ya nyumba yenye vyumba vingi. Alikuwa peku, na sakafu ilikuwa ya moto chini ya nyayo, kama sakafu ya nyumbani mama anapokoka moto chini yake asubuhi ya theluji. Oili ilidondoka kutoka darini polepole, tone kwa tone, rangi ya asali. Nguzo nne zilipanda na kushuka bila kelele, mbili zikiinama mbili zikiinuka, kama wazee wanaosalimiana wasitake kumaliza. Alivaa sketi ya marehemu mkewe wala hakuona aibu. Juu kabisa palikuwa na tundu, na kutoka pale ikashuka nusu ya mwezi ikizunguka, bila haraka, nuru yake kama ya kaki nyuma ya karatasi ya dirisha. Akakinga pindo la sketi. Ikatua. Ilikuwa nzito, nzito na ya joto, uzito wa mtoto aliyeshiba akalala. Kutoka chumba cha pili sauti ya mkewe ikauliza, kama anayeulizia chumvi, “Umeshapata?”

Alipofumbua macho, Mama Oksun alikuwa amesimama mbele yake na beseni la makaki. Alikuja kumenyea pale kwa sababu jua la karakana lilikuwa zuri kuliko la kwake. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti iliyozoea kuita watu toka ng'ambo ya mto.

Mtu aliyezoea kuota anajua kufunga mdomo mpaka ajue la kufanya. Tak hakuwa na mazoea hayo.

“Mama Oksun,” akasema, “mtu akiota, halafu akiamka mikono bado ni mizito, ni kawaida?”

Mama Oksun akaweka beseni chini. Akamuuliza mizito kwa kitu gani, naye akamweleza. Akauliza kama kilimwangukia mkononi au mapajani. Mapajani. Kwenye suruali au sketi? Tak akasita, akasema sketi. Kilikuwa na nuru? Kilikuwa na joto? Alijibu kila swali kwa uaminifu, kama mgonjwa mbele ya daktari, na kwa kila jibu uso wa jirani yake ulizidi kufunguka, mpaka akakaa kwenye tairi bila kuangalia kama ni safi.

“Baba Yonhwa, huyo ni mtoto.”

“Ni kifungo cha valvu. Kimenidondoka asubuhi.”

“Valvu haivai sketi.” Akachukua kaki moja akaanza kuimenya kwa kasi, ganda likitoka kama utepe. “Mwezi ni msichana. Hata mtoto mdogo anajua. Umekaa miaka yote hujaota hata mbwa, leo umeota hiyo, halafu unaniambia valvu.”

Kisha, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kuacha kitu kizuri kipite, alimwambia kwamba kama haitaki amuuzie yeye, ana mke wa mpwa wake anayeihitaji, atatoa mtungi mzima wa pilipili iliyochachuka, ile ya mwaka jana. Ndoto za Tak ni chache kama nywele zake, akasema, hajui hata kuzitunza, ataiharibu bure.

“Siuzi,” Tak akasema, kwa ukali uliowashangaza wote wawili.

Mama Oksun alimtazama. Alijua habari ya stesheni. Mji mzima uliijua. Akashusha sauti.

“Yonhwa alikataa ndoto za kununua. Na alikuwa na haki, samaki yule alikuwa wangu, mimi sina undugu naye. Lakini hii umeiota wewe. Baba mzazi. Unaificha, utamjibu nini mke wako siku mkionana?”

Neno hilo lilimwingia Tak mahali ambapo hakuwa na kitambaa cha kuziba. Binti yake alisema za mtu yeyote. Alilisikia kwa masikio yake. Lakini kama ndoto hii ilikuwa mtoto kweli, na yeye akanyamaza, si angekuwa amemnyima? Na kama ilikuwa chuma tu, hofu ya fundi iliyovaa sketi, akamwandikia, si angekuwa amempelekea samaki mwingine wa kukaa mezani?

Akaitazama injini. Jibu lilikuwa mle ndani, kwenye sampu, chini kabisa ambako oili hukusanyika. Kama nusu mwezi ilikuwamo, basi ameota chuma. Kama haikuwamo, basi chuma kilipotelea vumbini na kile kilichomwangukia mapajani kilikuwa kitu kingine, naye angeandika barua kwenda Busan jioni hiyohiyo.

Wakati huo Noh alifika kwa miguu, mikono mfukoni, akitaka gari lake. Alipoelezwa yaliyotokea alimtazama samaki kwanza, kisha Tak, na hakutaka kumlaumu hata mmoja wao.

“Washa tu, kaka,” akasema. “Kama kipo chini kwenye sampu si kimelala? Nani atakiamsha?”

“Wewe. Ukiteremka ule mlima, oili imechemka, inaruka huku na huku. Kitatembea. Kikifika kwenye mnyororo wa injini, utakuwa umefika nyumbani kwa mababu.”

“Labda hakipo.”

“Labda.”

Mama Oksun alisema kwamba yeye pia anaona hakuna haja ya kufungua. Watu hawa wawili walikuwa hawajawahi kukubaliana hata juu ya njia ya kukata kabichi, lakini alasiri hiyo walikaa pamoja kwenye tairi upande mmoja: Noh alitaka gari lake, Mama Oksun alitaka mtoto wake asifukuliwe.

“Siku zote huoti,” Noh akalalamika, “leo umeota, umeota injini yangu. Si ungeota walau mwanamke.”

Tak alikuwa amekwisha kupanga magogo chini ya gari.

Aliinua upande wa mbele kwa jeki ya mkono, akatandika mkeka, akaingia chini. Alifungua nati ya kumwagia oili, na chini yake aliweka kitambaa cha pamba juu ya karai, ili lolote litakalotoka libaki juu. Oili ilishuka nyeusi na ndefu, ikiwa bado na vuguvugu la asubuhi, na jua lililopenya kwenye magurudumu liliifanya ionekane kama nywele za mtu anayeinama kuzichana. Alingoja mpaka tone la mwisho. Kitambaa kilikuwa kitupu.

Moyo wake ukafanya kitu ambacho hakuutuma. Ukaruka.

Akaegemeza injini kwa gogo, akaanza kufungua bolti za sampu, na akiwa amelala chali vile, uso karibu na chuma, alimwona yule mtoto. Alikuwa na miguu midogo peku, akitembea kwenye sakafu ya karakana, na Tak akawaza kwamba itabidi afagie vizuri zaidi, kuna vyuma vyenye makali. Alikuwa na nywele zilizokatwa sawa juu ya nyusi, kama za Yonhwa alipoanza shule. Alikuwa akiuliza hiki nini, na hiki nini, na Tak alikuwa akimjibu. Mto ulisikika kwa mbali, na sauti za wale wawili wakimenya na kubishana kuhusu uzi zilikuwa kama sauti za watu wa nyumba moja. Alitamani alasiri isimame hapo.

Spana ilikuwa haizunguki. Alitazama mkono wake, akaona kwamba umeishika bolti ya mwisho na haufanyi chochote. Hapo akatambua kwamba anaogopa. Hakuwa akiogopa kwamba kipande hakitapatikana. Alikuwa akiogopa kukipata.

“Vipi huko?” Noh akaita. “Oili imetoka safi?”

“Safi.”

“Basi funga, kaka. Hakipo.”

“Hakipo,” Mama Oksun akaitikia, kama kwenye maombi.

Ingekuwa rahisi. Alikuwa amechuja oili yote, na hakuna kilichoonekana, na hakuna mtu duniani angemwambia amedanganya. Angeandika barua. Yonhwa angeifungua akiwa amesimama, bado na gundi ya viatu vidoleni. Angesoma mwezi, na sketi, na joto. Kisha mama mkwe angeuliza baba yako anasemaje, na meza ingeanza upya kuhesabu miezi. Alikumbuka jinsi alivyosema kwa upole. Mtu mwenye hasira hupiga kelele. Yonhwa hakupiga.

Akaifungua bolti ya mwisho. Sampu ikashuka mikononi mwake, akatoka nayo kwenye mwanga.

Chini yake palikuwa na matope meusi ya miaka, na hakuna kingine. Noh na Mama Oksun wakasogea, vichwa vitatu juu ya sampu moja. Hapakuwa na kitu. Mama Oksun alianza kutabasamu. Lakini ndani ya sampu ile kulikuwa na bati dogo la kuzuia oili isirukeruke, na nyuma ya bati kulikuwa na kijipembe. Tak aliingiza kidole cha shahada, nacho hakikufika, kwa kuwa hakikuwa na ncha. Akaingiza cha kati. Akagusa ukingo uliopinda.

Akakitoa, akakifuta kwa kidole gumba. Nusu mwezi. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba ilibidi aitazame ili ajue bado ameishika.

Mama Oksun alirudi kwenye beseni lake, akachukua kaki, akaimenya nusu.

“Huenda chuma kilianguka,” akasema, “na mtoto naye yupo.”

“Mama Oksun.”

“Nimenyamaza.”

Ilimuuma, hilo hatukatai. Alikaa kwenye kiti cha basi na kile kipande kiganjani kwa muda, na miguu midogo ikaondoka sakafuni taratibu, kama ukungu unavyoondoka, kwanza vidole, kisha nyayo. Alingoja uchungu umalizike aendelee na kazi. Lakini nyuma ya uchungu alikuta kitu kingine ambacho hakukitarajia, na alipokigeuza na kukitazama alianza kucheka, kicheko kidogo cha puani, mpaka Noh akamuuliza kama oili imempanda kichwani. Hakumweleza. Alisema tu kwamba ameota chuma na chuma kilikuwamo, na kwamba hiyo ndiyo ndoto iliyotimia haraka kuliko zote zilizowahi kuotwa mjini kwetu.

Aliosha sampu, akaweka gasketi mpya, akaifunga, akajaza oili safi. Nusu mwezi akaitia kwenye kopo pamoja na wenzake. Jua lilipogusa mlima, Noh aliwasha gari. Liliguruma mara moja kisha likatulia, likahema sawasawa, na samaki alitetemeka kidogo kwenye uzi wake, macho wazi. Nyuma hakukutoka wingu lolote. Noh akasema roho ya gari imekubali kubaki. Akasema pia kwamba kesho yake asubuhi atashuka stesheni kupokea abiria, kama kuna mwenye shida huko chini.

“Nipitie,” Tak akasema.

Alikula mapema, wali na supu ya figili, akaacha bakuli mezani bila kuliosha. Kulikuwa bado na mwanga wa kutosha. Akaleta karatasi, akakaa mlangoni chini ya makaki yaliyoning'inia, akaandika polepole, kwa herufi kubwa zilizosimama wima:

“Yonhwa binti yangu. Hii si barua ya ndoto, kwa hiyo isome mpaka mwisho. Leo nimedondosha kipande cha chuma ndani ya injini ya Noh. Kosa ni la samaki wake. Mchana nililala nikaota kimeniangukia mapajani. Mama Oksun akasema ni mtoto, unamjua. Nikaifungua injini chini nikakikuta. Kilikuwa chuma. Nimefikiri, nikaona kwamba hata yule samaki niliyekuletea mwaka ule alikuwa samaki tu, tena wa mtu mwingine, na hakustahili kukaa mezani kwenu siku hata moja. Mimi ndiye niliyemleta, mimi nimemwondoa. Mwambie mama mkwe wako hivyo, au nitakuja nimwambie mwenyewe.

“Makaki nimeyaning'iniza. Mwaka huu ni makubwa. Ukija utayala, usipokuja nitakutumia. Hapa hakuna atakayekuuliza kitu, ukija utalala tu na kula. Nimeokota kifungo cha sare yako ya shule, kipo. Gari la Noh halitoi moshi tena. Siku utakayosema, litakungoja stesheni. Baba.”

Aliisoma mara moja, hakuongeza kitu. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha. Gundi hakuwa nayo, basi akachukua punje za wali zilizobaki bakulini, akazisaga kwa kidole chake kifupi kwenye ukingo wa karatasi, akabana, akaweka bahasha chini ya kopo la vipande vya chuma mpaka ikakauka. Asubuhi, ukungu ukiwa bado madirishani, Noh alipiga honi. Tak alitoka peku, akamkabidhi barua kupitia dirishani, na gari likashuka mlima nayo.